Henry Wellcome: Mfamasia aliyeiachia tiba kampuni yake yote

Na Mwandishi Wetu

JINA la Wellcome si geni kwa wakazi wa Kilifi, mji wa pwani ya Kenya ulio kati ya Mombasa na Malindi. Tangu mwaka 1989 limeandikwa sambamba na la Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kwenye kituo cha utafiti kilichojengwa ubavuni mwa hospitali ya mji huo. Mpita njia anaweza kudhani kuwa ni jina la dawa, au la shirika la serikali fulani ya ng'ambo. Kumbe ni jina la mtu, tena mtu aliyezaliwa katika kibanda cha magogo huko Marekani, akatajirikia Uingereza, na akafariki dunia mwaka 1936 akiwa ameacha wosia ambao hadi leo unagharamia maabara, chanjo na masomo ya watu ambao wakati huo hata bibi zao walikuwa bado watoto.

Wosia huo haukuwa wa kawaida. Matajiri wengi hugawa fedha taslimu: kiasi fulani kwa kanisa au msikiti, kiasi kingine kwa shule, na kilichobaki kwa watoto. Henry Wellcome hakugawa fedha. Aliacha kampuni nzima, ikiwa hai na inafanya kazi, mikononi mwa wadhamini, na kuwaagiza kwamba kila faida itakayotoka humo itumike kutafuta maarifa ya tiba.

Henry Solomon Wellcome alizaliwa Agosti 21, 1853, karibu na kijiji cha Almond, jimbo la Wisconsin. Baba yake alikuwa mkulima na mhubiri, na hali ya nyumbani ilikuwa ya kubahatisha. Henry akiwa bado mdogo, familia ilihamia Garden City, jimbo la Minnesota, ambako ami yake alikuwa daktari mwenye duka la dawa. Mwaka 1862 vita vilizuka kati ya Wadakota, wenyeji wa nchi hiyo, na walowezi wa Kizungu. Inaelezwa kuwa Henry, mtoto wa miaka tisa, aliwekwa kwenye kazi ya kusubu risasi na kumsaidia ami yake kuhudumia majeruhi.

Kipaji chake cha kuuza kilionekana mapema. Akiwa na miaka 16 alitangaza katika gazeti la mji wao wino wa ajabu usioonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Ndani ya chupa hakukuwa na zaidi ya maji ya ndimu. Wapo watakaouita ujanja huo utapeli wa utotoni, lakini mtu anayefuatilia maisha yake yote hawezi kuupuuza, kwani Wellcome aliamini tangu siku hiyo kwamba bidhaa ni nusu ya biashara na nusu nyingine ni namna inavyotangazwa.

Alifanya kazi katika duka la dawa mjini Rochester, ambako Daktari William Mayo alimtia moyo asome. Akasoma ufamasia Chicago, kisha Philadelphia, na kuhitimu mwaka 1874. Kampuni za dawa za New York zikamwajiri kama mchuuzi wa kusafiri. Mwaka 1878 alipelekwa Ecuador na Peru, kwenye misitu ya milima ya Andes, kutafuta miti ya sinkona ambayo maganda yake hutoa kwinini, dawa iliyokuwa tegemeo la dunia dhidi ya malaria. Alirudi na taarifa ya kusikitisha: miti ilikuwa ikikatwa ovyo na kumalizika, na wenyeji waliobeba maganda hayo mgongoni waliishi maisha ya taabu. Taarifa hiyo, iliyochapishwa mwaka uliofuata, ilimpa jina miongoni mwa wafamasia.

Mwaka 1880 alifika London, na Septemba akaingia ubia na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs. Wakati huo dawa nyingi nchini Uingereza ziliuzwa zikiwa unga au maji, au zikifinyangwa kwa mkono dukani, na kipimo kilitegemea mkono wa aliyefinyanga. Burroughs na Wellcome walileta vidonge vilivyoshindiliwa kwa mashine, kila kimoja kikiwa na kipimo kilekile. Mwaka 1884 Wellcome alivibunia jina la Tabloid na kulisajili kuwa alama ya biashara. Aliwashitaki mahakamani waliolitumia bila ruhusa, na akashinda. Hata hivyo neno lilimponyoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 waandishi wa habari walianza kuliita hivyo gazeti dogo lenye habari zilizokatwa fupifupi, na magazeti ya aina hiyo duniani kote bado yanabeba jina lililobuniwa kwa ajili ya kidonge.

Mbinu yake nyingine ilikuwa kuwapa wasafiri mashuhuri masanduku ya dawa, kisha kuwatangaza kama mashahidi. Henry Morton Stanley, rafiki yake wa karibu, alipewa masanduku hayo kwa ajili ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Msafara ulichukua mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar mwaka 1887, ukazunguka kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, ukavuka bara zima na kutokea Bagamoyo Desemba 1889. Matangazo ya kampuni yalisifu jinsi dawa zilivyostahimili joto na mvua za msituni. Hayakueleza kwamba wengi wa watu waliochukuliwa Zanzibar hawakurudi kwao.

Ubia ulivunjika moyo kabla ya kuvunjika rasmi. Burroughs na Wellcome walifikishana mahakamani mwaka 1889, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakiendesha kampuni moja bila kuaminiana. Burroughs alifariki dunia ghafla mwaka 1895, na Wellcome akabaki mmiliki pekee wa kampuni iliyoendelea kubeba majina yote mawili.

Miaka hiyo ndipo alipoanza kufanya jambo ambalo wafanyabiashara wenzake waliliona kuwa ni ubadhirifu. Alianzisha maabara za utafiti, ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, na kuwaajiri wanasayansi wachanga waliotafuta majibu ya maswali yao wenyewe, si ya idara ya mauzo pekee. Mmoja wao, Henry Dale, aliingia mwaka 1904. Miaka 32 baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka 1903 Wellcome alifungua maabara za magonjwa ya nchi za joto mjini Khartoum, na baadaye akaongeza maabara iliyoelea juu ya mto Nile, ikipanda na kushuka kutafuta chanzo cha magonjwa vijijini.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mwaka 1901, akiwa na miaka 47, alimwoa Syrie, binti wa Daktari Thomas Barnardo, mwasisi wa makao ya watoto yatima wa Uingereza. Bibi harusi alikuwa binti mbichi wa miaka ya mwanzo ya ishirini. Walipata mtoto mmoja wa kiume mwaka 1903. Mume alimburuta mkewe nchi hadi nchi akikusanya vitu vya kale, na ndoa ikafa kabla ya mwaka 1910. Talaka ilitoka mwaka 1916, baada ya Syrie kuzaa na mwandishi Somerset Maugham, ambaye alimwoa mwaka uliofuata. Wellcome hakuoa tena.

Baada ya hapo mapenzi yake yote yalihamia kwenye vitu. Alituma mawakala minadani na kwenye nchi za mbali kununua chochote kilichohusu afya, mwili na maisha ya binadamu: visu vya upasuaji, hirizi, vinyago, miswada, viti vya wakunga, meno ya bandia, silaha, hata miswaki ya watu mashuhuri. Huko Jebel Moya nchini Sudan, kati ya mwaka 1910 na 1914, alichimba makaburi ya kale akiwa na maelfu ya vibarua, na kupiga picha kutoka angani kwa kamera zilizofungwa kwenye tiara. Alipofariki dunia, mkusanyiko ulikuwa na vitu zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa bado kwenye makasha ambayo hayakuwahi kufunguliwa. Mtu angeweza kusema alikuwa amenogewa kupita kiasi, na asingekosea.

Mali ya namna hiyo, kampuni yenye matawi nchi mbalimbali, maabara, makumbusho na maghala ya makasha, isingeweza kugawanywa bila kusambaratika. Wellcome alilijua hilo na alianza kujiandaa mapema. Mwaka 1924 aliunganisha shughuli zake zote, za biashara na za utafiti, chini ya kampuni moja aliyoimiliki kwa asilimia mia. Tangu siku hiyo utajiri wake wote ulikuwa umegeuka kuwa hisa, na hisa ni kitu kinachoweza kukabidhiwa kwa saini moja.

Wosia aliuandika mwaka 1932, mwaka uleule alipotunukiwa cheo cha Sir. Hisa zote zilikabidhiwa kwa jopo la wadhamini watano, ambamo walitakiwa kuwamo wanasayansi na watu wenye uzoefu wa biashara na sheria. Wadhamini wangekuwa wamiliki, lakini kampuni ingeendeshwa na wakurugenzi wake kama biashara nyingine yoyote. Gawio lingetumika kwa mambo mawili: utafiti wa tiba ya binadamu na wanyama, na makumbusho na maktaba za historia ya tiba. Hakutaja ugonjwa mmoja, nchi moja wala hospitali moja. Hiyo ndiyo nguvu ya wosia wake, kwa kuwa mwaka 1932 hakuna aliyejua kuhusu Ukimwi wala chembe za urithi kama zinavyojulikana leo, na mtu ambaye angeandika kwamba fedha zitumike kwa kwinini tu angewafunga mikono wadhamini milele. Hakuisahau Garden City, ambako aliacha fedha za kujenga ukumbi na maktaba kwa kumbukumbu ya wazazi wake.

Kwa msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Kariakoo, mpango huo hauna ugeni mkubwa. Wakfu umekuwapo katika mwambao huu kwa karne nyingi: mwenye nyumba au shamba la minazi hulitoa, shina lisiuzwe, matunda yake yatunze msikiti, kisima au maskini. Wellcome alifanya jambo linalofanana na hilo kwa kiwanda cha dawa. Tofauti ni kwamba mnazi haushindani na minazi mingine sokoni, na kampuni ikifanya uzembe hufa.

Na ilikaribia kufa. Sir Henry alifariki dunia mjini London Julai 25, 1936, akiwa na miaka 82. Wadhamini walipofungua vitabu walikuta biashara iliyodorora, kwa kuwa mwenyewe miaka ya mwisho alikuwa akishughulika zaidi na makasha yake. Kodi ya mirathi iliyodaiwa na serikali ilikuwa kubwa na ilichukua miaka kulipwa. Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza makao makuu ya kampuni katikati ya jiji. Kwa takriban miaka 20 ya mwanzo, taasisi ambayo leo hutajwa miongoni mwa tajiri zaidi duniani ilikuwa na kidogo sana cha kutoa. Henry Dale, yule kijana wa mwaka 1904, ndiye aliyeiongoza kama mwenyekiti wa wadhamini kuanzia mwaka 1938 hadi 1960.

Mkusanyiko nao uligeuka mzigo. Wadhamini walitumia miongo kadhaa kuugawa kwa makumbusho mbalimbali, kuuza na kutupa. Vitu takriban 30,000, vingi vya Afrika na Pasifiki, vilikwenda Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1965. Vifaa vya tiba vilikabidhiwa makumbusho ya sayansi ya London kuanzia miaka ya 1970.

Kilichouokoa wosia ni maabara. Katika tawi la Marekani, George Hitchings alimwajiri Gertrude Elion mwaka 1944, na wawili hao wakabuni njia mpya ya kutengeneza dawa kwa kuelewa kwanza jinsi chembe ya ugonjwa inavyojijenga, badala ya kujaribu kemikali kwa kubahatisha. Kutoka kwao na wenzao zilipatikana dawa za saratani ya damu, za kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, za jongo, za malaria na za virusi. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Moja ya dawa za kampuni hiyo inafahamika hadi zahanati ya mwisho kijijini: Septrin, ambayo katika miaka ya Ukimwi ilikuja kuwa kinga ya kila siku kwa maelfu ya wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Faida ikaanza kumiminika, na pamoja nayo likaja swali gumu. Mwaka 1987 kampuni ilitoa AZT, dawa ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya virusi vya Ukimwi, kwa bei ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Wanaharakati waliandamana, na Septemba 1989 waliingia hadi ndani ya soko la hisa la New York, ambapo kampuni ililazimika kupunguza bei kwa asilimia 20. Hata kwa bei hiyo mpya, mgonjwa wa Bukoba au Rakai hakuwa na namna. Hivyo mfuko uleule uliogharamia utafiti kwa ajili ya maskini ulijazwa, kwa sehemu, na dawa ambayo maskini hawakuweza kuigusa. Wosia haukuwa na jibu kwa hilo.

Wakati huo wadhamini walikuwa wakipima hatari nyingine, ya kuweka mayai yote katika kapu moja. Kwa idhini ya mahakama, waliruhusiwa kutawanya mali kuliko wosia ulivyotazamia. Mwaka 1986 sehemu ya hisa iliuzwa kwa umma. Mwaka 1992 ziliuzwa nyingine nyingi na sehemu ya taasisi ikashuka hadi asilimia 40. Mwaka 1995 kampuni yote ilinunuliwa na mshindani wake, Glaxo, kwa takriban paundi bilioni 9. Wafanyakazi wengi walilia usaliti, na si bila sababu, maana maelfu walipoteza ajira. Baada ya muungano mwingine wa mwaka 2000, jina la Wellcome lilitoweka kabisa kwenye pakiti za dawa. Limebaki kwa wadhamini, ambao sasa hawategemei kidonge chochote.

Fedha hizo ndizo zilizogharamia, pamoja na mambo mengine, kituo cha karibu na Cambridge kilichosoma takriban theluthi moja ya ramani ya chembe za urithi za binadamu, kazi iliyokamilishwa mwaka 2003. Ndizo pia zilizojenga Kilifi.

Kituo cha Kilifi kilianza kwa udogo, kikiwa na watafiti wachache waliotaka kujua kwa nini watoto wengine hufa kwa malaria na wengine, wa kitongoji kilekile, hupona. Leo kinafuatilia mienendo ya afya ya zaidi ya watu robo milioni wanaokizunguka, na kimekuwa shule ya wanasayansi Waafrika. Kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, sambamba na Bagamoyo na Korogwe za Tanzania, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza Oktoba 2021, na baadaye chanjo ya R21, iliyopendekezwa mwaka 2023.

Lakini utafiti ambao Sir Henry mwenyewe angeusoma kwa makini zaidi ni ule uliochapishwa Novemba 2010. Watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Kilifi, Korogwe na Muheza, walitibiwa, nusu yao kwa sindano za kwinini na nusu kwa sindano za artesuneti. Wellcome ndiyo iliyogharamia. Kati ya waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki dunia. Kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, na dawa ambayo kijana mchuuzi aliifuata hadi milima ya Andes mwaka 1878 ikaondolewa kwenye nafasi ya kwanza kwa watoto mahututi, kwa gharama ya mali aliyoiacha mwenyewe.

Mwaka 2022 taasisi ilitangaza kwamba ingetumia paundi bilioni 16 katika kipindi cha miaka 10. Novemba mwaka huohuo ilifunga maonyesho ya kudumu ya vitu vya mwasisi wake yaliyokuwa katika jengo lake la barabara ya Euston, London, ikieleza kuwa yalikuwa yakiwasimulia watu wa Afrika na kwingineko kwa jicho la kibaguzi la enzi za ukoloni. Vitu vyenyewe vilirudishwa ghalani.